Kamene na Msomaji Aliyemzika

Kamene anaendesha mashine ya kukoboa mahindi pale Kyumbi, na ikiwaka hakuna anayesikia hata jina lake. Ikizimwa hukaa juu ya gunia, hufuta vumbi la pumba kwenye simu na kuandika hadithi. Hajawahi kulipwa kwa hadithi hizo wala hajawahi kuomba. Ukurasa wake wa mtandaoni una wafuasi wa kutosha kujaza kanisa, na wengi wao ni watu wazuri wanaosema asante. Lakini asante za watu mia husahaulika kabla ya chai kupoa. Neno la mkorofi mmoja ndilo huenda nawe kitandani.

Kila mwandishi wa bure ana mkorofi wake. Kuna anayedai sehemu mpya kama anayedai mshahara, kuna anayelalamika kuwa ni fupi, na kuna yule anayekutukana kisha akakuuliza utaweka nyingine lini. Wa Kamene alijiita Kimanzi wa Nzuki. Aliandika alfajiri, na salamu hakuwa nazo.

"Maliza."

"Umeanza tena kuzunguka."

"Huyu Ndila atatafuta mpaka lini? Wewe mama unapenda kutesa watu."

Ndila ni msichana wa kwenye hadithi, anayemtafuta kaka yake aliyetoka nyumbani akapotea. Na kusema kweli mkorofi alikuwa na haki, maana Kamene alikuwa ameivuta hadithi hiyo hadi ikaanza kuchakaa. Kila Ndila alipokaribia mlango, mlango ulifungwa. Wasomaji walipenda hivyo, na Kamene alipenda kupendwa.

Siku alipoandikiwa, "Kama imekushinda, rudi kwa mashine yako," alilia kwa hasira. Akampigia Loise, rafiki yake anayeuza maembe Matuu na kuandika hadithi za mapenzi.

"Kwani hujamzika?" Loise akauliza. "Mimi wangu wote nimewazika. Unamuingiza kwa hadithi na jina lake, unamuua, watu wanacheka, yeye anashika adabu. Ama anahama."

Huo ni mchezo wa waandishi wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa dhambi. Kamene akaifungua picha ya yule mtu ili ajue amuue vipi. Alikuwa kijana aliyechuchumaa kwenye mto mkavu, sepetu begani, nyuma yake ukingo mrefu wa mchanga. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Akaandika kwamba Ndila alifika mtoni kwa wachimba mchanga, akamkuta mmoja mwenye mdomo mchafu aitwaye Kimanzi wa Nzuki, na akiwa bado anatukana, ukingo ukamwangukia. Akaandika jinsi vidole vya mkono mmoja vilivyobaki nje, vikicheza kidogo, kisha vikatulia. Alipomaliza alijisikia vizuri sana. Wasomaji walicheka kutwa nzima.

Alfajiri iliyofuata hapakuwa na neno. Wala iliyofuata hiyo. Kamene akaanza kujipongeza, na ndipo ujumbe wa faragha ulipoingia, jina lile lile, picha ile ile.

"Ulikuwepo?"

Kabla hajaelewa, ukaja mwingine.

"Nani alikuambia kuhusu vidole?"

Alikuwa ameshika debe la mahindi la mteja. Lilimponyoka, mahindi yakatapakaa sakafuni, na akabaki ameyakanyaga tu. Alipopata nguvu alishuka chini kabisa kwenye ukurasa wa mtu yule, mahali ambapo hakuwahi kupekua. Huko akakuta watu wakiaga. Pumzika, ndugu yetu Kimanzi. Mchanga umekuchukua mapema. Salamu hizo zilikuwa za mwaka uliopita, kabla ya tusi la kwanza. Muda huo wote Kamene alikuwa akigombana na marehemu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mashine ikinguruma alisikia mtu akisema maliza, na akiizima ili asikilize, palikuwa na kimya kibaya zaidi. Alikataa kuingiza mkono kwenye pumba, kwa sababu aliogopa atakachokishika. Loise alimwambia amfungie asiweze kumwandikia tena, asahau.

"Nifungie mtu amekufa?"

"Basi omba."

Aliomba. Haikusaidia. Mwishowe aliandika: "Wewe ni nani?"

"Babake. Simu ni yake."

Kisha mzee huyo, Nzuki, akaandika kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Kijana wake alikuwa akimsomea hadithi ya Ndila kila wakitoka mtoni. Wakabishana. Kimanzi alisema Ndila atampata kaka yake. Mzee alisema hatampata, kwa sababu aliyepotea hivyo huwa amekufa. Halafu ukingo ukaanguka, hadithi ikiwa njiani.

"Mimi sijui kuandika na adabu," aliandika. "Nilitaka mwisho tu, nimpelekee."

Kamene aliona aibu mpaka masikio yakamuuma. "Nisamehe, baba. Hiyo sehemu naifuta leo."

"Usifute. Kuja umsomee. Niko mbele ya Matuu, uliza kwa Nzuki wa mchanga."

Angeweza kumfungia wakati huo, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliogopa kwelikweli. Lakini aliogopa zaidi kuendelea kuisikia ile sauti ndani ya mashine, kwa hiyo Jumamosi alizima mashine mapema, akaenda.

Nzuki alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mgeni. "Wakya ata, mwiitu," alimsalimu kwa Kikamba, kwa upole, kama binti yake, wala hakumgombeza. Alimwongoza nyuma ya nyumba, kando ya mbaazi, penye kaburi. Viti viwili vilikuwa vimeshawekwa.

"Anza pale aliachia," alisema.

Kamene akaanza. Alisoma jinsi Ndila alivyobisha mlango ukafungwa, akabisha mwingine nao ukafungwa. Kule kwenye mashine milango ile ilimpendeza. Hapa, mbele ya udongo na mzee aliyeinamisha kichwa asikose neno, kila mmoja ulimchoma. Alijua kabisa kwamba aliifunga bure, ili aulizwe kesho kutakuwaje. Akaacha kusoma. Mzee alimletea maji, akangoja, akamwashiria aendelee.

Akafika mtoni. Akamwona yule mchimbaji wa kwenye hadithi akiinua sepetu, na sauti ikamkatikia. Alijaribu tena ikakataa.

"Hapo ruka," mzee akasema. "Hapo anapajua."

Akaruka. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kilichoandikwa, lakini Kamene hakuinua macho kutoka kwenye simu. Aliendelea kusoma vilevile, akitunga. Ndila alivuka mto ule, akapanda upande wa pili, akakuta nyumba yenye mlango wazi. Mwanamume akatoka akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa kaka yake, mzima, amenenepa kidogo, na neno lake la kwanza lilikuwa kumuuliza mbona amechelewa hivyo. Wakaingia ndani wakala.

Nzuki akainama, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Basi umenishinda, Kimanzi," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

Kamene naye alilia. Baadaye alizima simu, akaiweka mfukoni, akaanza kutafuta namna ya kuaga.

"Endelea," mzee akasema.

"Imeisha, baba."

"Najua," alisema, lakini hakuinuka. "Endelea kidogo."