Pete za Wanaume wa Msambweni

Saa tatu asubuhi, Sefu Rai amesimama mlangoni mwa karakana moja ya Msambweni, mkono wake wa kulia ameunyoosha juani kama mtu anayesimamisha gari. Gari lenyewe ni lake, lori la kubebea nazi, nalo liko kando ya barabara likinguruma bila dereva. Anachokitazama Sefu ni kidole chake cha mwisho.

"Hii imekaa," anasema. Anaukunja mkono kana kwamba ameshika usukani, kisha anaunyoosha tena. "Hapana. Hii inaonekana nikisimama. Mimi nataka inayoonekana nikiendesha."

Ni pete ya tano anayoijaribu tangu afike. Ndani, Bi Mwanafatuma Abdulkadir ameinama juu ya mkaa, anapuliza moto kwa mrija wa shaba. Hainui kichwa.

"Jaribu ile ambayo kito chake kimelala upande, kaka Sefu," anasema. "Na uzime gari, mafuta yako yanakwisha."

Sefu anaijaribu. Anashika usukani wa hewani, anapiga kona ya hewani kuelekea Lungalunga, anakitazama kidole. Uso wote unamchanua. Analipa, anaaga mara mbili, na lori linapoondoka mkono wa dereva uko nje ya dirisha.

"Mwanamke akija kutaka bangili anachagua mara moja," anasema Bi Mwanafatuma, sasa akicheka waziwazi. "Mwanamume akija kwa pete moja, weka kazi nyingine pembeni. Atataka kioo. Atauliza mwenzake. Ataondoka, atarudi. Na muda wote huo atakuwa anakwambia kwamba yeye hajali mapambo."

Bi Mwanafatuma ana miaka thelathini na mitatu na ni mama wa watoto watatu. Mume wake, Suleiman, anafanya kazi katika mashamba ya miwa huko Ramisi. Yeye mwenyewe ni sonara, na karibu kazi yake yote ni pete za fedha za wanaume. Fedha anaipata kwa kuyeyusha rupia za zamani ambazo mabibi wa Vanga na Gazi wamezihifadhi masandukuni tangu enzi za Wahindi wa reli.

Anawajua wanaume wa pwani hii kwa vidole vyao. Mvuvi, anasema, hataki kito, kwa sababu kito hunasa wavuni. Anataka duara tupu, zito, lisilo na kona. Mwalimu wa shule anaitaka katika mkono unaoshika chaki. Makarani wa ofisi za Matuga wanataka herufi za majina yao zichorwe, tena ziwe kubwa, ili mtu anayesubiri muhuri apate cha kusoma.

Wazee wana mambo yao. Wanataka kito cha akiki nyekundu, ile ya kutoka Yemeni, na wanaitambua ya uongo kwa kuigusisha kwenye mdomo: ya kweli ni baridi. Wakitawadha huizungusha pete kidoleni ili maji yafike chini yake. Wakienda mazikoni hukigeuza kito kikaelekea kiganjani, ili mkono usimeremete mbele ya wafiwa.

"Hayo hawafundishwi na mtu," anasema. "Ukiwatazama tu, unaona kwamba pete kwa mwanamume ni kama kofia. Kila mmoja ana namna yake ya kuilaza."

Dhahabu hafui. Wanaume wa hapa ni Waislamu, na dhahabu kwao ni ya wake zao.

Leo, mwezi wa Machi 1970, hakuna anayeshangaa kumwona mwanamke huyu akishika koleo na tupa. Miaka miwili na nusu iliyopita hakuna aliyejua.

Karakana ilikuwa ya baba yake, Mzee Abdulkadir Athmani, sonara aliyesifika kutoka Tiwi hadi mpakani. Mwanafatuma alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipokuwa mdogo alimpulizia moto. Alipokua alimsaidia kung'arisha. Alipoolewa alidhani ameiacha kazi hiyo. Kisha, mwaka 1966, mtoto wa jicho akaziba macho yote mawili ya mzee.

"Nilimwambia baba tufunge," anakumbuka. "Akaniambia, 'Mwanangu, nikifunga watu watajua kwamba sioni. Wakijua kwamba sioni, nimekufa na bado ninakula.'"

Wakaamua kuficha. Mzee aliketi mbele, barazani, akiwa na tupa mkononi na kipande kimoja cha shaba, akikisugua kila mteja alipopita. Alikisugua kipande hicho hicho kwa muda wa karibu miaka miwili. Alimpokea mteja kwa kumtambua sauti, akakishika kidole chake, akakipima kwa kukipapasa. Nyuma, katika chumba cha uani, binti yake aliyeyusha, akafua, akatia lehemu na kupachika vito.

"Kidole nilikuwa nakijua zaidi nisipokiona," anasema Mzee Abdulkadir, mtu mrefu anayependa kujisifu na asiyeficha kwamba anapenda. "Na sifa zote nilizipokea mimi. Watu wakisema, 'Mzee, mkono wako umezidi kuwa laini,' mimi najibu, 'Alhamdulillahi.' Nilikuwa sisemi uongo. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa binti."

Siri hiyo ilifichuliwa na samaki.

Mwinyihaji, mwalimu wa madrasa kutoka Gazi, alikuwa akisafisha samaki nyumbani kwake alipochomwa na mwiba wa hongwe, tena katika kidole chenye pete. Ilikuwa pete yenye akiki aliyoachiwa na marehemu baba yake; miezi kumi na moja nyuma alikuwa ameileta Msambweni ivalishwe fedha mpya. Kidole kikavimba. Siku ya pili pete ikawa imezama ndani ya nyama, na ncha ya kidole ikaanza kugeuka rangi. Mganga wa zahanati alimwambia aende kwa sonara saa ile ile, ama pete itoke ama kidole kipotee.

Alifika amepakiwa kwenye baiskeli, wapwa zake wawili wakikimbia pembeni. Watu wakajaa barazani.

"Nilimpa mzee mkono," anasimulia Mwalimu Mwinyihaji, ambaye mwandishi wa makala haya alimkuta Gazi akiwa na wanafunzi wake. "Nikamwambia, 'Fanya utakalofanya, lakini kito cha baba yangu kisivunjike.' Akachukua msumeno mdogo. Nikaona unakuja kwenye ukucha, si kwenye pete. Nikapiga kelele."

Alimwuliza, "Bwana Abdulkadir, unaniona?"

Mzee akaushusha msumeno.

"Sikuoni, mwalimu," mzee akajibu. "Sijakuona tangu mwaka juzi."

Kisha akageuza uso kuelekea ndani akaita, "Mwanangu, njoo."

Bi Mwanafatuma alitoka amejifunika leso kichwani, mikono myeusi kwa mkaa, mbele ya wanaume zaidi ya ishirini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyo," akasema baba yake.

Mwanafatuma hakuchukua msumeno. Aliagiza mafuta ya nazi na uzi wa hariri. Kwa kuwa haikufaa kuushika mkono wa mwanamume asiye ndugu yake, alimwomba baba yake aushike, naye akafanya kazi kwa sindano na uzi peke yake. Aliupitisha uzi chini ya pete, akauzungusha kukibana kidole, duara kwa duara, kutoka kwenye pete hadi juu ya kiungo. Uvimbe ukanywea chini ya uzi.

"Itauma, mwalimu," akamwambia.

"Imeshauma, mwanangu. Endelea."

Alianza kuufungua uzi kutoka upande wa chini. Kila duara lililofunguka liliisogeza pete kidogo. Ilipofika kwenye kiungo ilikwama, na Mwalimu Mwinyihaji akaanza kusoma Yasini kwa sauti. Mwanafatuma aliongeza mafuta, akavuta uzi pole, akangoja, akavuta tena. Mwalimu alipofika katikati ya sura, pete ilikuwa mkononi mwa Mwanafatuma, kito kizima.

Watu walishangilia. Mwalimu alijipangusa jasho, akaichukua pete, akaitazama kwa ndani, mahali ambapo kwa miezi kumi na moja alikuwa akiwaonyesha watu ulaini wa kazi ya Mzee Abdulkadir.

"Nani aliyeifua hii?" akauliza.

Mwanafatuma angeweza kusema ni baba yake. Anasema jibu hilo lilimfika mdomoni kabisa.

"Ni mimi," akasema. "Na zote za tangu mwaka juzi ni zangu."

Mwalimu aliifunga pete kwenye kitambaa, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kabla ya sala ya alasiri Msambweni yote ilikuwa na habari. Wanaume waliona wamedanganywa. Kwa wiki mbili zilizofuata, pete tisa zilirudishwa. Wengine walizileta wenyewe na kuziweka barazani bila salamu. Wengine waliwatuma wake zao, ambao walizitoa huku wakiinamisha macho kwa haya. Bi Mwanafatuma alizitia zote kwenye mkebe wa majani ya chai.

"Nilimwambia baba, 'Nimekuharibia jina.' Akanijibu, 'Jina langu ndilo lililokufunika wewe.' Tulilia siku ile, sitakuficha. Halafu tukapika."

Moto wa karakana ulikaa siku arobaini bila kuwashwa.

Siku ya arobaini na moja, ilikuwa Alhamisi, Mwalimu Mwinyihaji alipiga hodi. Kidole kilikuwa kimepona, chembamba kuliko mwanzo, na pete ilikuwa inamcheza kila akiijaribu. Mzee Abdulkadir, aliyekuwa barazani, alimkaribisha na kuanza kumwomba radhi.

"Samahani, mzee wangu," mwalimu akamkatiza kwa adabu. "Mimi nimekuja kwa fundi wangu. Yupo?"

Aliingia, akaitoa pete kwenye kile kitambaa, akaiweka juu ya fuawe. Alisema maneno ambayo hadi leo watu wa Msambweni wanayarudia wakimwona akipita: "Dini imetukataza dhahabu. Haikutukataza kazi ya mikono ya wanawake. Nipunguzie hii, kesho Ijumaa nataka kuivaa."

Ijumaa aliivaa. Baada ya sala alisimama mlangoni mwa msikiti na kumpa kila mtu mkono, mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Kila aliyemtazama kidole aliambiwa jina la aliyeifua pete, hata kama hakuuliza.

Wa kwanza kurudi alikuwa Jefwa, karani wa Matuga. "Niliirudisha kwa hasira," anakiri. "Nikakaa wiki sita nikikipapasa kidole mezani kama mtu anayepapasa pengo la jino kwa ulimi. Mke wangu, Dama, akaniambia, 'Bwana, mkono wako umekuwa kama wa mtu mwingine. Nenda kaombe pete yako.'"

Alimkuta Bi Mwanafatuma ameshaing'arisha na kuifunga kwenye karatasi yenye jina lake. Hakumdai kitu. Mwisho wa mwezi ule mkebe wa majani ya chai ulikuwa mtupu, na wawili kati ya wale tisa waliomba ya pili.

Siku hizi anafua pete kumi na mbili hadi kumi na tano kwa mwezi. Duara tupu ni shilingi nane, yenye akiki hufika ishirini na tano. Vidole vya wateja havishiki: ametengeneza vipimo vya waya wa shaba vilivyotungwa kwenye kamba, kila mwanamume anajipima mwenyewe. Shida ni kwamba wengi wanajipunguzia.

"Hakuna mwanamume anayekubali kwamba kidole chake kimenenepa," anasema. "Kwa hiyo natazama kidole kwa mbali, halafu naongeza kidogo bila kumwambia. Akirudi ananisifu kwamba imemkaa."

Mwaka jana, kwa mapato ya karakana na mshahara wa Suleiman, walimpeleka Mzee Abdulkadir Mombasa akapasuliwa jicho la kulia. Siku alipofunguliwa bandeji alivaa miwani mizito, akamtazama binti yake. Kisha akaomba aone pete, yoyote, kazi ya mkono wa binti huyo.

"Nikampa. Akaigeuza, akaileta karibu na jicho, akaitia mwangani. Akaniambia, 'Hapa tupa imekwaruza.' Manesi wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, maana nilijua kwamba sasa anaona kweli."

Pete hiyo mzee hakuirudisha. Anayo kidoleni, na kila mgeni huonyeshwa palipokwaruzwa.

Bi Mwanafatuma ana mpango. Hoteli za Diani zinaongezeka, na vijana wa bara wanaokuja kufanya kazi huko wameanza kumfuata Msambweni siku zao za mapumziko. Wana tabia zao: mmoja alitaka pete ya kidole gumba, mwingine alitaka kichwa cha simba. Simba alimkatalia, kwa kuwa sanamu ya kiumbe hai hafui, wakapatana kwa nyota. Mwezi wa Juni atafungua chumba kidogo Ukunda, kando ya barabara iendayo ufukweni, na atanunua gurudumu la kusagia vito ili asitegemee mafundi wa Mombasa. Wasichana wawili wa mtaani kwao, Mbeyu na Kibibi, wameshaanza kujifunza kutia lehemu.

Kibao cha duka tayari amekiagiza. Fundi wa rangi wa Ukunda alipopewa maneno ya kuandika, aliyasoma, akayasoma tena, akamrudishia karatasi.

"Mama, hapa hukukosea?" akamwuliza. "'Bi Mwanafatuma, Pete za Wanaume.' Watu watacheka."

"Andika hivyo hivyo," akamjibu. "Waache wacheke, mradi wawe wameshaingia ndani."