Neno la Siri la Marehemu Mke Wangu

Jambo hili lote lilinigharimu safari mbili za pikipiki mpaka Luvungi, na binti yangu. Safari nimezihesabu tena, ni mbili. Binti nimemhesabu tena, hayupo.

Mke wangu alikuwa mwimbaji. Kwaya yao iko na tovuti ambamo kila mama anaweka sauti yake ya mazoezi. Mto Mulongwe ulipofurika ukachukua simu yake, hakusikitika sana. Sauti zilibaki kule. Kisha homa ikamchukua yeye mwenyewe, bila kunipa nafasi ya kubishana, na neno la siri akaenda nalo.

Ukisahau neno la siri, tovuti inakutumia barua pepe yenye kiungo cha kuweka jipya. Lakini nani kati ya wale mama alikuwa na barua pepe? Fundi aliyewaandikisha aliweka anwani yake mwenyewe kwa wote, na sasa anakaa Luvungi. Kiungo kinaishi saa moja. Akinitumia huku Kilibula, na mtandao wetu huu, kinanifikia kimeshakufa.

Nikaenda Luvungi kukaa kando yake. Nikabonyeza pa kuomba kiungo. Barua haikuja. Miye ni muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, bei sitaji mara moja. Nikabonyeza tena.

"Papa, umebonyeza mara ngapi?" fundi akauliza.

"Mbili."

"Basi ya kwanza umeiua. Kila mpya inaua ile ya nyuma."

Nikabonyeza ya tatu ili kurekebisha. Tovuti ikanifungia mpaka kesho yake.

Safari ya pili fundi alinishika mkono nisibonyeze mara mbili. Barua ikafika. Mashine ikataka neno jipya niliandike mara mbili. Hapo tukaelewana, mashine na miye. Chini ikauliza: tutoe simu zote zilizomo kwa akaunti hii?

"Toa," nikasema. "Kama kuna mwizi, aende."

"Ilikuwamo moja, papa. Iko Bujumbura."

Sauti ya mke wangu ikafunguka. Anaanza wimbo, anakosea, anacheka, anaanza tena. Fundi akatoka nje kutazama pikipiki yake, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ndipo ujumbe ukaingia kwa simu yangu. Ulitoka kwa binti yetu, aliyekuwa hajaniandikia tangu nilipobishania mahari yake kama bei ya ndagala mpaka wakwe wakachoka. Alimfuata mwanaume wake Bujumbura, nami nikamwambia asikanyage tena kwangu.

"Papa, ulinitoa kwa nyumba. Sasa na kwa mama?"

Kumbe mama yake alikuwa akivuka mpaka kumwona bila kuniambia, na siku moja akafungua sauti zake kwa simu ya binti. Binti akabaki humo, akimsikiliza.

Nilimtumia neno jipya palepale. Nikatuma tena. Hakuna lililofika, amefunga namba yangu. Weye unayesoma, kama uko na mutoto aliyekukataa hivi, nishauri: niende nisimame kwa mlango wake, ao nikifika nitamfukuza hata pale?