Neno Lililobaki Kisiginoni

Jamani, nilijiaibisha kanisani, tena mbele ya mama yangu mzazi, na kwa kuwa siku hizi anaisimulia aibu hiyo mwenyewe (na chumvi anaongeza), bora mnisikie mimi.

Nasoma isimu hapa Dodoma. Alhamisi Kuu asubuhi nilikuwa na zamu ya kuwasilisha darasani neno la kale la mguu, lile la mababu wa Wajerumani, Waingereza na ndugu zao, na kwa kuwa projekta huwasinzisha watu nikachukua maka peni nikajiandika mguu wa kulia: kila kidole mtoto mmoja, foot ya Kiingereza, Fuß ya Kijerumani, voet ya Kiholanzi, fot ya Kiswidi, fótur ya Kiaislandi, na kisiginoni mzazi wao, *fōts, na kinyota chake mbele. Darasa likashangilia, kichwa kikanivimba.

Nikasahau kwamba jioni nilikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili wanaooshwa mguu na Padre kanisani kwetu, mtaa wa Kikuyu! Mama, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameiombea familia yetu nafasi hiyo miaka na miaka, na kitenge kipya alishashona. Sabuni haikufua dafu. Nikakimbilia kwa mafundi rangi wa mtaa wa Kizota, wakanipa kitambaa chenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, vidole vikatakata, lakini kisigino changu kina magaga (ukavu wa huku mnaujua) na wino ulishazama kwenye nyufa.

Jioni, zamu yangu ilipofika, Padre akauinua mguu, akanusa, akakiona kisigino, akakikodolea macho. Waliokaa mbele wakanyoosha shingo, maana nyota kwenye unyayo watu wanajua ni kazi ya mganga. Akaninong'oneza, ila kipaza sauti kilikuwa kifuani pake.

“Hiki ni nini, kijana?”

“Ni neno, Padre. Maana yake mguu.”

“Na nyota?”

“Ni kwamba hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa. Wataalamu wamelikisia kwa kuwatazama watoto wake.”

Akazidi kukigeuza kisigino, maji yakisubiri. “Na hao watoto wako wapi?”

“Nimewafuta na thina, Padre.”

Watu walicheka mpaka wanakwaya. Mama hakucheka, alitazama kitenge chake tu, na hilo ndilo lililoniuma. Nyumbani, akipakua ugali, ndipo akanigeukia.

“Mwanangu, umeandika mguu juu ya mguu. Uliogopa utausahau?”

Nikaomba radhi, nikaapa kwamba kuanzia siku ile naandika kwenye karatasi tu. Akauliza neno letu sisi, mguu, mzazi wake nani, na nikamweleza hadi mboga ikapoa.

Mwaka huu parokia ilitaka mtu wa kukagua nyayo kabla ya Misa. Mama akajitolea, na akaanza na mimi, ambaye hata sikuchaguliwa.