Siku Trela Letu Lilipokaa Chini

Kama uliwahi kukaribishwa chai katika sebule ya Mkenya yeyote kule Crystal, ughaibuni, miaka ile ya tisini, basi mkanda wa video umeshauona na sina haja ya kujificha: yule mama wa gauni la kitenge anayetoka dirishani, miguu imetangulia na kiatu ni kimoja tu, ni mimi. (Kiatu cha pili kilipatikana ndani ya sufuria ya maharagwe. Hiyo haimo kwenye mkanda, na ndiyo sababu nimeamua kusimulia mwenyewe kabla watu hawajaitia chumvi zaidi.)

Nianze na trela. Lilikuwa dogo, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu, nasema dogo kiasi kwamba nikinyoosha mikono nagusa ukuta huu na ukuta ule, lina magurudumu mawili tu katikati, jiko la kuchemshia chai, kameza kadogo, na huko nyuma benchi la kuzunguka ambalo usiku linageuka kitanda. Tulilinunua kwa jirani yetu, mzee wa Kizungu ambaye magoti yalikuwa yamemkataza safari za kuvua samaki, na ukweli ni kwamba nikisema tulilinunua namaanisha mimi nililitaka na mume wangu, Mwadime, akanyamaza.

Nililitaka kwa sababu moja. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya usiku hospitalini Saint Paul, na Mwadime anashinda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akipata zamu ya ziada hakatai, kwa hiyo tulikuwa tukionana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka, tunapeana ufunguo wa gari na habari za watoto kwa wakati mmoja. Wakesho alikuwa na miaka kumi na mitatu, Mwakio minane, na wote wawili ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri sana halafu wanakujibu Kiingereza. Nikajiambia, wiki moja tu, mwezi wa nane, tuende kaskazini kwenye lile ziwa kubwa, sisi wanne, mahali ambapo simu haiwezi kulia kumwita mtu kazini. Sikuwa nataka kingine.

Mwadime hakugombana nami, yeye si mtu wa kugombana. Alilizunguka trela mara moja, mikono nyuma, akakataa hata kuweka mguu ndani, akasema, "Mama Wakesho, mimi nimelelewa chumba kimoja na ndugu zangu wote, choo nje. Nimevuka bahari, nimepata nyumba ya vyumba vitatu. Sasa unataka nifunge safari kwenda kulala chumba kimoja, choo nje?"

Siku mbili baadaye akaniambia kwa upole uleule kwamba kaka wa mtu fulani kazini kwake, anayekaa Eden Prairie, anatafuta trela la namna hiyo, na Jumamosi saa kumi atakuja kuliangalia.

Hapo ndipo akili yangu ikaanza kunidanganya kwamba ni nyingi. Kwetu sisi kitu kipya kinaombewa, iwe nyumba, iwe gari (kuna dada mmoja aliwahi kutuita kuombea friza, na tulikwenda), na kila mtu anajua kitu kilichoombewa mbele ya ushirika mzima hukiuzi wiki hiyohiyo, kwani ukikutana na Pastor utamwambia nini? Nikapiga simu nyumba baada ya nyumba, nikawaalika Jumamosi saa nane, chakula na maombi. Mwadime nilimwambia tu kwamba zamu yetu ya kukaribisha ushirika imefika. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa, nitachoma nyama." Si mjinga yule, ila anapenda watu.

Wiki hiyo nikalipamba trela, na hapa mnaruhusiwa kunicheka. Nilikata kipande cha zulia tulichobakisha sebuleni nikatandika, nikashona pazia la lesi, nikaweka vitambaa alivyonifumia mama yangu kila mahali panapoegemewa, maua ya plastiki mezani, kalenda ya tembo ukutani, na glasi zile nzuri ambazo tangu nizipate hakuna binadamu aliyewahi kunywea. Mwakio akachungulia akauliza sisi tutalala wapi. Nikamwambia kwanza wageni, kulala baadaye.

Jumamosi asubuhi nikasimama barabarani nitazame kazi yangu, nikagundua mlango wa trela unatazama mapipa ya taka. Nikaona haya. Mgeni apokelewe kwenye mapipa? Nikaamua kuligeuza litazame barabara, na uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo. Lakini ili ligeuke lazima upandishe ile miguu miwili ya chuma iliyo nyuma, na yule mzee alikuwa ametuonyesha kwa vitendo, mimi na Mwadime, kwamba trela likiwa halijafungwa kwenye gari ni kama ubao wa pembea wa watoto, miguu ya nyuma isiposhuka mtu asiingie. Nikaitikia kwa kichwa siku ile kama mtu aliyeelewa. Basi nikaipandisha kwa kishikio chake, nikalisukuma na watoto mpaka mlango ukatazama barabara vizuri kabisa, nikazuia magurudumu kwa matofali, na nilikuwa nimeinama nishushe miguu (naapa, kishikio kilikuwa mkononi) ndipo harufu ya maharagwe yanayoungua ikanifikia. Nikakimbia jikoni, kishikio nikakiweka kando ya sinki. Kilikaa pale mchana kutwa.

Watu wakaja, na walikuja wengi kuliko nilivyoita, kama kawaida yetu. Alikuja Pastor Musembi, mtu wa mwili kweli, na Mama Kevo, rafiki yangu wa kazini ambaye ulimi wake hauna breki, na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mwenye kamera ya video, niliyemwomba apige picha nizitume kwa mama yangu kule Wundanyi. Mwadime alikuwa kwenye nyama, amevaa aproni. Nikamwambia aje ndani tuombe. "Mimi nasikia hata nikiwa hapa," akasema.

Pastor mwenyewe alisema, mbele ya mashahidi, "Mama, tunaweza kuomba tu hapa kwenye nyasi, jua ni zuri."

Nami nikasema, "Pastor, nitakuacheje nje kama mtu aliyekuja kusoma mita? Karibuni ndani."

Wakaingia. Nikasimama katikati na kuwapanga, songeni nyuma, songeni nyuma, hapo kwenye benchi, bado kuna nafasi, Mama Kevo mbebe Mwakio, na kila mmoja akiingia trela linatoa mlio kidogo chini, nami nikidhani ni zulia. Wakesho alikuwa karibu na mlango ameshika chupa ya chai. Akasema, "Mom, it's moving."

"Wakesho," nikamwambia, "mbele ya wageni tunaongea Kiswahili."

Akafungua mdomo atafute maneno, lakini Pastor alikuwa ameshaanzisha wimbo, na nyinyi mnatujua, sisi hatuimbi tumesimama kama nguzo, tukaanza kuyumba kulia na kushoto, glasi zangu zinalialia. Wimbo ulipokolea Pastor akiwa kule nyuma kabisa akasema wote walio karibu na mlango wasogee tushikane mikono.

Halikuanguka ghafla. Lilienda taratibu, kama mtu mzima anayeketi, mpaka mtu mmoja akauliza, "Kwani tunaenda wapi?" kisha likakaa chini kwa kishindo, pua juu, na ushirika wote ukateremkia nyuma kwa pamoja, pamoja na maua, kalenda, mandazi, na sufuria ya maharagwe ambayo nilikuwa nimeileta mapema ili watu wasisubiri. Nilijikuta mgongoni kwa mtu ambaye mpaka leo hajajitambulisha. Mlango haukufunguka, kona yake ya chini ilikuwa imegota kwenye saruji ya maegesho.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Kevo kutoka chini kabisa, "Mama Wakesho, hii ulinunua ya kulala ama ya kuteleza?"

"Mtu yeyote asisonge," akasema Pastor, na haragwe moja kwenye kola.

Wakesho ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda ule mteremko, kwa magoti, mpaka dirisha la mbele. Akachungulia nje. Kumbe Mwadime alipoona pua inapaa alikuwa ametupa koleo la nyama, akarukia ule mkono wa chuma wa kufungia gari, na sasa alikuwa ananing'inia hapo na aproni yake, miguu inatafuta ardhi, nyama inaungua, na yule kijana wa kamera amesimama imara kama mlingoti, hajapoteza hata sekunde moja. Ndipo Wakesho akapiga kelele, kwa Kiswahili ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu aanze shule, "Baba, usiachilie! Mwakio yuko chini ya Pastor!"

Na kutoka chini ya Pastor tukasikia Mwakio akicheka. Kicheko cha mtoto hakizuiliki, kikamshika Mama Kevo, kikamshika Pastor mwenyewe (na akicheka Pastor, wote tulio naye tunatikisika), mpaka trela zima likawa linacheka.

Mimi sikucheka. Nilipanda hadi dirishani nimsaidie mume wangu, nikaona gari safi likisimama mbele ya nyumba na Mzungu mmoja akishuka, ametia mikono mfukoni. Ilikuwa saa kumi kamili. Nilitamani kulia, nawaambia ukweli, si kwa ajili ya aibu, aibu nilikuwa nimeshaizoea, ila niliona lile ziwa na wiki yetu moja vikiondoka. Nikatoka dirishani miguu mbele, mnajua mlivyoona, nikaanguka kando ya Mwadime, nikaushika ule mkono wa chuma upande wa pili. Hata sisi wawili hatukutosha.

Yule mtu akaja pole pole, akauliza kama hili ndilo trela linalouzwa.

Ndani walikuwa wamerudia wimbo huku wakicheka, na Wakesho anawaamrisha watu wazima, wewe pita hapa, wewe shika meza. Mwadime akanitazama mimi, akatazama mguu wangu usio na kiatu, jasho linamtoka. Kisha akamwambia yule mtu, "Haliuzwi."

Akaulizwa kwa nini.

"Lina watu," akasema. "Tafadhali shika hapa."

Na yule mtu, Mungu ambariki, akashika. Uzito wa watu watatu nje, na Wakesho akiwatambaza watu mmoja mmoja kuja mbele, pua ikashuka. Pastor akaombea trela kwenye nyasi, kama alivyotaka toka mwanzo, sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, na mgeni wetu kutoka Eden Prairie akala nyama iliyoungua na kuomba ya pili.

Jioni hiyo tulikuwa tunafua vitambaa, maana vyote vilikuwa na rangi ya maharagwe, Mwadime akasema bila kuniangalia, "Unajua nilipokuwa nimening'inia pale nilisikia nini? Nilisikia nyumbani kwetu. Watu wengi, chumba kimoja, wanacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa nakipenda kile chumba." Nikaendelea kufua, machozi yananitoka, nikasingizia sabuni.

Wiki zilizofuata alinyoosha bampa la nyuma, akabadilisha taa, yote kwa nje. Mimi nilitoa glasi, nikatoa maua na kalenda, nikaacha kitambaa kimoja cha mama. Mwezi wa nane tukaenda. Tulifika ziwani mvua inanyesha, mimi na watoto tukaingia ndani haraka, nikawasha jiko. Nimeapa maishani mwangu sitaligeuza tena trela ili lipendeze barabarani, na kabla sijaweka maji ya chai huwa nainama kwanza nichungulie chini, hata mvua inyeshe vipi, watu wanione nilivyo. Siku hiyo nilikuwa nimeshachungulia. Mwadime akabaki mlangoni, maji yanamtiririka usoni, hajaweka mguu ndani tangu tulinunue.

"Miguu imeshuka?" akauliza.

Wakesho akajibu kabla yangu, bila kutafuta maneno. "Imeshuka, Baba. Ingia."