Ubao wa Marehemu

"Sisi tuna nafuu," Bi Shigeno aliwaambia vijana wa kujitolea waliopita na makoleo yao mara tu mto uliporudi kwenye njia yake. "Nendeni kwa wenye shida."

Ndivyo walivyo watu wa bonde lile. Nyumba ya mtu ikishika moto, ataomba radhi kwa ajili ya moshi. Kwa jirani yake, Bi Fumiyo, mafuriko yalipanda hadi kwenye rafu za vyombo. Kwake Bi Shigeno maji yaliishia mvunguni mwa nyumba, baina ya ardhi na mbao za sakafu, na mikeka minene ya tatami iliyotandikwa juu yake haikupata hata tone. Alalamike kwa lipi? Bintiye Chikage alipopiga simu kutoka Osaka, alimjibu kwamba hata soksi hazikulowa.

Lakini alikuwa ameshaona. Alifungua kile kifuniko cha sakafuni jikoni, anapohifadhi mtungi wa achari aliorithi kwa mama mkwe, akakuta mtungi umepinduka na maji meusi yametuama gizani. Akafunga, akaweka gunia la mchele juu yake.

Harufu haikujali gunia. Ilipenya kila upenyo, na kila asubuhi Bi Shigeno alikanyaga kwa kisigino ule mkeka ulio mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani ya kumkumbuka mumewe, akihisi unazidi kulainika. Obon ilikuwa inakaribia, siku ambazo wafu hurudi makwao, na hii ilikuwa ya kwanza tangu mumewe, Masakazu, afariki. Mtawa wa hekalu angekuja kumwombea na kupiga magoti juu ya mkeka huohuo. Tena Chikage alishasema tangu mazishi: nyumba ikimshinda mama, atahamia kwao Osaka, ghorofani. Bi Shigeno alimpenda sana binti yake, ila hakutaka kuiacha nyumba yake. Alikuwa na hofu, usingizi ukamruka, na dawa yake ikawa kuchoma ubani.

Bi Fumiyo alikuja kuleta matunda. Hakukaa sana kabla ya kunusa.

"Shige, humu mna nini?"

"Ubani."

"Ubani wa vyura?"

Akainuka bila kuomba ruhusa, akalisukuma gunia, akafunua. 

"Wale vijana uliwatuma kwangu mimi."

"Wewe ulikuwa na hali mbaya."

"Nilikuwa nayo. Sasa mimi nimekauka, na wewe unaoza kwa adabu."

Bi Shigeno alitazama mikono yake. Kisha akasema: "Nisaidieni."

Kesho yake wale vijana wakaja. Waliondoa mikeka, wakang'oa mbao, wakaingia mvunguni kwa matumbo na kupitisha tope ndoo kwa ndoo. Pampu ilipomaliza kunyonya maji, kiongozi wao alichoma boriti kwa bisibisi aone kama imeoza. Ncha haikuzama. Mti ulikuwa mzima, alisema, ila sakafu ibaki wazi na feni zivume mvunguni mpaka mbao zikauke kabisa, pengine hadi kiangazi kiishe na majani yageuke rangi. Ukiifunga mapema, unaifungia kuvu ndani.

Kwa hiyo Obon ingeikuta nyumba haina sakafu. Alilia kwa nafuu na kwa aibu vilevile, kisha akampigia Chikage na kumweleza yote, pamoja na uongo wa soksi. Chikage akasema tu kwamba anakuja.

Alifika jioni ya kuwapokea wafu, maneno ya kumhamisha mama yake ameyapanga njia nzima. Alimkuta amechuchumaa juu ya boriti, kati ya mashimo, analaza ubao mrefu kutoka barazani hadi kwenye madhabahu na kuujaribu kwa kiganja.

"Mama, huo ni wa nini? Wale vijana si wanapitia jikoni?"

"Wa baba yako," alisema Bi Shigeno bila kugeuka. "Giza likianza kuingia alikuwa haoni vizuri. Ataanguka."

Feni zilivuma chini yao. Chikage alisimama na begi lake mkononi. Kisha akaliweka barazani, akapiga magoti na kuushika ubao upande wa pili.

"Huku unacheza," alisema. "Nipe msumari."