Kitanda cha Qabale na Nakaale

Qabale aliolewa mara moja, kwao Merti, na mumewe alipofariki hakutaka mwingine. Ndugu zake walimletea wachumba mpaka wakachoka. Mwaka wa 1971 akahamia Isiolo, akawa anauza maziwa ya ngamia sokoni, na hapo ndipo alipokutana na Nakaale, muuza makaa, Mturkana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekodi chumba kimoja mtaa wa Kiwanjani. Majirani waliwaita dada, ingawa mmoja alifunga Ramadhani na mwingine aliimba kwaya kanisani. Mlango ukishafungwa, wenyewe walijua kwamba ni wapenzi. Qabale hakulijua jina la jambo hilo kwa Kiborana, wala hakulitafuta.

Miaka kumi na mitano baadaye mgongo wake ulianza kumsumbua. Kila asubuhi Nakaale alimvuta kwa mikono miwili ndipo ainuke mkekani, magoti yake mwenyewe yakilia kama kuni kavu. Walicheka, halafu siku moja hawakucheka. Nakaale akasema mambo ya kulala chini yamekwisha.

Wakaenda Chechelesi kwa Erot, seremala. Aliuliza wanataka vitanda viwili vya ukubwa gani. Miaka yote hiyo Qabale alikuwa akimwachia Nakaale kujibu maswali ya watu. Leo alijibu mwenyewe.

"Kimoja. Kipana. Sisi ni wawili, na huyu analala akijitandaza."

Erot aliwatazama, akachukua futi yake. "Sawa, mama," akasema.

Kitanda kililetwa kwa mkokoteni, kikakataa kupita mlangoni. Jirani yao Maryan, ambaye ulimi wake ulijulikana, akatoka kutazama, na Qabale akajiandaa kwa maneno. Maryan alikizunguka, akakibonyeza, akasema yeye na mzee wake hawajawahi kulalia kitu kizuri hivyo. Kisha akaenda kuleta nyundo.

Waling'oa fremu ya mlango, udongo ukamwagika, kitanda kikaingia na kujaza chumba mpaka jiko likahamia nje.

Alasiri hiyo, leso ikiwa imetundikwa mahali pa mlango, walijilaza. Mgongo wa Qabale ulitulia. Nakaale akamshika mkono, akasema wanazeeka vizuri.

Qabale akamwambia anyamaze, usingizi ulikuwa unakuja.