Mashine Iliyokataa Vidole vya Mama

Mimi huuza simu Emali, kwa hivyo usiniambie habari ya teknolojia. Nimeisifu mpaka koo likakauka. Ni mimi niliyemburuta mama hadi kwa chifu kule Kanyangi, wakulima walipokuwa wakisajiliwa kwa mashine ili wapewe mbegu za ndengu zinazokomaa haraka. Mbegu zake tulikuwa tumezila kiangazi kilipotubana.

Mashine ikakataa kidole gumba. Tukajaribu vyote kumi, wapi! Jembe na kusuka viondo maisha yake yote vilikuwa vimefuta ile mistari ya vidole. Nyuma yetu alikuwa mwenye duka mmoja, mtu ambaye shamba huliona akienda mazishi. Alibonyeza mara moja tu, mashine ikalia vizuri. Nilitamani kuipiga teke.

"Hawa wazee husumbua," afisa wa kilimo akaniambia, utadhani mama hayupo. "Apumzishe mikono wiki mbili. Asiguse jembe, ajipake mafuta, halafu arudi."

Hebu sikia hiyo! Ili mashine ikubali kwamba yeye ni mkulima, aache kulima. Na nani alikubali? Mimi, msomi wa familia.

Kwetu watu hupanda kwenye vumbi, kabla mvua haijafika, maana mvua yenyewe haikai. Mama alinikumbusha, akasema ataomba jirani mbegu kidogo aanze. "Mwaitu, mama yangu, tulia," nikamwambia, "siku hizi mambo ni ya mashine." Nikalifungia jembe lake stoo, nikarudi Emali na ufunguo. Yeye akakaa kwenye kiti, akijipaka mafuta asubuhi na jioni, akiwatazama majirani wameinama mashambani.

Mvua ilikuja siku ya tatu. Ikanyesha siku nne, ikaenda zake.

Tuliporudi kwa chifu, mashine ilimsoma papo hapo. Watu wakapiga makofi, haki ya Mungu. Akapewa pakiti mbili za mbegu, tukazibeba mpaka nyumbani. Udongo ulikuwa umeshakauka, shamba ni magugu matupu. Kwa jirani ndengu zilikuwa zimetoa majani.

Nikaanza kufoka. Nikamtukana afisa, nikaitukana mashine na walioileta. Mama aliniacha nimalize, akaweka pakiti zake mezani.

"Hao hawanijui," akasema. "Wewe unanijua."